Umeme Umefika Sebuleni, Jikoni Bado

Sayyid Barghash bin Said alipolisimamisha Beit al-Ajaib ufukoni mwa Unguja mwaka 1883, jumba ambalo hutajwa kuwa la kwanza katika Afrika Mashariki kupata taa za umeme na lifti, alianzisha pasi na kujua mazoea ambayo hayajatutoka hadi leo: ya kuuona umeme kuwa ni neema ya sebuleni, ya taa na feni, ya redio na televisheni, ilhali jikoni, hatua chache nyuma ya ukuta, mkaa unaendelea kutawala kana kwamba waya haukupata kufika.

Katika nchi za baridi kali, watu wanapojadili namna ya kupunguza hewa ya ukaa itokayo majumbani, aghalabu muradi wao ni joto la kuota. Jumba la baraza la Zurich, Uswisi, lilianza mwaka 1938 kupashwa joto kwa mtambo wa umeme unaovuta uvuguvugu kutoka mto Limmat; na Norway, ambayo karibu umeme wake wote hutokana na nguvu za maji, ilipiga marufuku kupasha nyumba joto kwa mafuta tangu mwaka 2020. Sisi hatuna theluji ya kupambana nayo. Mwenye kutaka kujua moshi wa nyumba ya Kitanzania unatoka wapi, sharti aanze na gunia la mkaa.

Na mkaa hauanzi kudhuru pale unapowashwa. Katika tanuri la udongo, ambamo magogo hufukiwa na kuchomwa polepole kwa siku kadhaa, sehemu kubwa ya mti hupotea kwa moshi, hata kilo moja ya mkaa huweza kugharimu kilo saba au kumi za kuni. Kisha kilo hiyo husafirishwa kwa lori mpaka mjini, ikateketea mara ya pili mbele ya pua ya mpishi, ambaye aghalabu ni mama au binti wa nyumba.

Umeme wenyewe, kwa upande mwingine, haukupata kuwa mwingi kama sasa. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa jumla, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa Februari 2024. Na Mei mwaka huo huo Serikali ikazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye azma kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Insafu inatulazimu kukiri kwamba sehemu ya umeme wetu bado hutokana na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, na kwamba ukame huweza kuurudisha mgao. Lakini jiko la umeme lina fadhila moja ambayo mkaa hautaipata kamwe: kadiri gridi inavyosafika, ndivyo kila sufuria mjini inavyosafika pamoja nayo, bila ya mpishi kubadili chochote.

Hofu ya kwamba kupika kwa umeme ni kufilisika ilitokana na jiko la koili, ambalo waya wake mwekundu humwaga joto pande zote. Jiko la presha la umeme ni jambo jingine kabisa. Sufuria yake imo ndani ya gamba linalohifadhi joto, na kifuniko hukazwa mvuke usitoroke, hata maji yakapita nyuzi 100; moto ukitimia jiko hujikata lenyewe, likakaa kimya muda mrefu kabla ya kujiwasha tena kwa kitambo kifupi, huku tarakimu za LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, zikishuka kwa uchache. Maharage yaliyolowekwa, ambayo juu ya mkaa hushinda yakiongezwa maji na kupepewa, huiva humo kwa muda wa saa moja hivi, kwa chini ya uniti moja.

Basi kizuizi kiko wapi? Kiko ukutani, karibu na mlango wa mbele: LUKU moja ya nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na aila sita. Humo hela ya umeme huchangishwa kila mwezi kwa manung'uniko, mwenye jokofu hutazamwa kwa jicho baya, na mwenye nyumba, kwa kuchelea ugomvi na kwa kuhofia nyaya zake nyembamba zisiungue, huweka sharti tangu siku ya kwanza kuwa jiko la umeme, hita na pasi ni marufuku. Fauka ya hayo, ile bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, aliyowekewa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, humpita mpangaji kando; kwa sababu aila sita maskini zikijumlishwa katika mita moja huhesabiwa kuwa tajiri mmoja, zikalipa kiasi cha mara tatu ya bei hiyo.

Kwa hiyo Serikali na shirika lake la umeme, TANESCO, ambao wamekwisha kutimiza kazi ngumu ya kuuzuia mto, wasishindwe na kazi nyepesi ya kugawa mita: kila aila na LUKU yake, kila nyumba mpya na waya mnene wa jikoni kabla ya kupewa kibali, na jiko la presha likopeshwe kwa makato madogo kila uniti zinaponunuliwa. Nawe mwenye nyumba, kabla hujaandika tena katika mkataba wako kwamba jiko la umeme ni marufuku, mwite fundi akague nyaya zako, kisha waombee wapangaji wako mita zao.