Ngoma ya R.E.M. Iliyovuma Miaka 31 Bila Kupasuka

NGOMA ikilia sana, walinena wahenga, haikawii kupasuka. Bila shaka wewe msomaji umeushuhudia ukweli wa methali hiyo mara nyingi. Marafiki walio kama chanda na pete huunda bendi, wimbo mmoja ukapendwa, pesa zikaanza kuingia, na kabla ya mwaka kwisha mpiga gitaa hamsemeshi mwimbaji. Huyu anadai wimbo ni wake, yule anauliza nani alitia sahihi mkataba, na mwisho wa yote jina la bendi linagombaniwa na mawakili.

Ndiyo sababu kisa cha R.E.M., bendi ya roki kutoka mji wa Athens katika jimbo la Georgia, Marekani, kinastahili kusimuliwa. Vijana wanne walianza pamoja mwaka 1980, wakatajirika, wakaugua, wakampoteza mmoja wao aliyechagua kilimo, na walipofunga kazi mwaka 2011 walikuwa bado ni marafiki. Swali ni moja tu: walifanyaje?

Walivyokutana

Peter Buck alikuwa akiuza santuri katika duka moja mjini Athens. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Michael Stipe, mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Georgia, ambaye kila mara alinunua zile zile santuri ambazo Buck alikuwa amejiwekea. Urafiki ukaanzia hapo.

Wenzao wawili, Mike Mills na Bill Berry, walitoka mji wa Macon katika jimbo hilo hilo. Hawa walijuana tangu shule ya sekondari, na mwanzoni hawakupikika chungu kimoja. Ni muziki uliowapatanisha, Mills akishika gitaa la besi na Berry akikaa kwenye ngoma.

Tarehe 5 Aprili, 1980, wanne hao walipiga muziki kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Haikuwa katika ukumbi wa fahari, bali katika karamu ya siku ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa kuukuu lililogeuzwa makao ya kupangisha. Jina R.E.M. walilipata baadaye kwa kufungua kamusi na kuchagua bila mpango.

Redio za wanafunzi

Huenda unajiuliza, roki mbadala ni muziki wa namna gani? Miaka ya themanini, stesheni kubwa za redio za Marekani zilirudia nyimbo za wanamuziki wachache waliokuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Vijana waliochoshwa na hali hiyo walianza kurekodi kwa kampuni ndogo na kutegemea stesheni za vyuo vikuu, ambazo ziliendeshwa na wanafunzi wenyewe. Kwa hivyo roki mbadala haikuwa mtindo mmoja wa kupiga gitaa. Ilikuwa ni njia nyingine ya kumfikia msikilizaji, na R.E.M. ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuilima njia hiyo hadi ikawa barabara kuu.

Haikuwa rahisi. Wimbo wao wa kwanza, ‘Radio Free Europe’, ulitolewa mwaka 1981 na kampuni ndogo sana, nakala 1,000 tu kwa kuanzia, na nyingi kati ya hizo ziligawanywa bure ili zisikike. Walizunguka majimbo ya kusini kwa gari kuukuu lililoendeshwa na meneja wao, kila mmoja akitengewa dola 2 kwa siku za chakula. Masomo ya chuo waliyaacha. (Wewe uliye mwanafunzi usikimbilie kuiga hilo, kwa kila bendi iliyofaulu hivyo, zipo mamia zilizobaki bila cheti na bila wimbo.)

Mwaka 1983 walitoa albamu yao ya kwanza kamili, ‘Murmur’. Kampuni yao, I.R.S., ilikuwa imewaletea mtayarishaji ambaye alimrudisha Berry kwenye ngoma mara nyingi mno na kuongeza vinanda ambavyo hawakuvitaka. Walikataa, wakaomba warudishiwe Mitch Easter, aliyerekodi nao hapo awali. Jarida la Rolling Stone liliiteua ‘Murmur’ kuwa albamu bora ya mwaka huo, nayo ikaipita hata ‘Thriller’ ya Michael Jackson. Katika mauzo, hata hivyo, hawakumkaribia Jackson hata kidogo.

Sheria za nyumbani

Hapa ndipo siri yao ilipo, nawe msomaji tega sikio. Wangali maskini, kabla hawajawa na chochote cha kugombania, vijana hawa waliafikiana mambo mawili.

Kwanza, kila wimbo ungeandikwa kwa majina ya wote wanne, bila kujali ni nani aliyeuleta, na mapato yangegawanywa sawa kwa sawa. Pili, kila mmoja alikuwa na kura ya turufu. Iwapo watatu wanataka jambo na wa nne hataki, jambo hilo halifanyiki.

Mara nyingi watu hudhani kinachovunja bendi ni wivu wa umaarufu. Ukichunguza utakuta mara nyingi ni hati za utunzi. Mtunzi hulipwa kila wimbo unapochezwa redioni, ilhali mpiga ngoma ambaye jina lake halimo hapati fungu hilo. Baada ya miaka mitano mmoja anajenga jumba na mwenzake bado anapanga chumba, na wote wanapanda jukwaa moja kila Jumamosi. R.E.M. waliuziba ufa huo mapema, hawakungoja kujenga ukuta.

Chukua mfano wa ‘Everybody Hurts’, wimbo wa mwaka 1992 wa kumfariji kijana aliyekata tamaa ya kuishi. Sehemu kubwa ya wimbo huo ilitoka kwa Berry, mpiga ngoma. Maneno yake yalifanywa mepesi makusudi ili kijana yeyote ayaelewe. Mwaka 1995 shirika la Samaritans la Uingereza, linalowasaidia watu wanaofikiria kujiua, liliyatumia maneno hayo katika matangazo yake pamoja na nambari ya simu ya kuomba msaada. Berry angeweza kudai wimbo huo kuwa wake. Uliandikwa kwa majina manne, kama mwingine wowote.

Umaarufu wabisha hodi

Walipanda ngazi polepole, takriban albamu moja kila mwaka. Mwaka 1987 wimbo wao ‘The One I Love’ uliingia katika kumi bora Marekani, na mwaka uliofuata walihamia kampuni kubwa ya Warner Bros. kwa sharti kwamba wangebaki na uhuru wa kuamua muziki wao.

Kisha mwaka 1991 ukaja wimbo ambao yamkini uliusikia hata wewe: ‘Losing My Religion’. Buck aliutunga akijifunza mandolini, ala ambayo haikuzoeleka kwenye nyimbo za roki za redioni. Wapo wazazi walioshtushwa na jina lake wakidhani vijana wanafundishwa kuacha dini. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Huo ni msemo wa kusini mwa Marekani unaomaanisha kuishiwa na uvumilivu, na wimbo wenyewe unahusu mtu anayempenda mwenziwe asijue kama anapendwa. Albamu yake, ‘Out of Time’, ilifika nambari moja Marekani na Uingereza, na mwaka 1992 bendi ilizoa tuzo tatu za Grammy.

Ajabu ni kwamba hawakufanya ziara ya kuitangaza albamu hiyo wala iliyofuata, ‘Automatic for the People’. Walikuwa wamechoka, wakakubaliana kukaa nyumbani. Jina la albamu hiyo ya pili walilitoa kwenye kaulimbiu ya mkahawa mmoja wa mjini kwao.

Siku za majonzi

Aprili 1994, Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana, kijana aliyewahusudu R.E.M. na kupanga kurekodi na Stipe, alijiua. Stipe alikuwa amejaribu kumtoa katika dimbwi hilo asifaulu. Katika albamu ya ‘Monster’ ya mwaka huo, wimbo ‘Let Me In’ ni maombolezo yake.

Ziara ya ‘Monster’ nayo ilikuwa ya mikosi. Tarehe 1 Machi, 1995, wakiwa jukwaani mjini Lausanne, Uswisi, Berry alizidiwa na maumivu makali ya kichwa. Ilibainika kwamba alikuwa na mshipa mbovu katika ubongo. Alifanyiwa upasuaji akapona. Miezi michache baadaye Mills akapasuliwa tumbo, na baada yake Stipe akafanyiwa upasuaji wa ngiri.

Mwaka 1996 walitia sahihi mkataba mpya na Warner ambao uliripotiwa kuwa wa dola milioni 80. Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 1997, Berry akaaga. Alitaka kuishi shambani kwake karibu na Athens, avune nyasi za mifugo. Hata hivyo aliweka sharti: ikiwa kuondoka kwake kungeivunja bendi, basi asingeondoka. Wenzake walimruhusu. Waliajiri wapiga ngoma wengine, lakini nafasi yake ya uanachama hawakumpa mtu.

Watatu hao waliyumba. Walipokuwa wakirekodi ‘Up’, iliyotoka mwaka 1998, ugomvi ulikaribia kuwatenganisha. Mwaka 2004 ‘Around the Sun’ haikupendwa na wengi, Buck mwenyewe akiwamo. Walijikusanya upya, na ‘Accelerate’ ya mwaka 2008 ikafika nambari moja Uingereza. Tarehe 21 Septemba, 2011, baada ya albamu 15 na mkataba wao ukiwa umekamilika, walitangaza kwamba imetosha. Hapakuwa na kesi wala matusi magazetini.

La kujifunza

Juni 2024, wote wanne, Berry akiwamo, walitunukiwa heshima ya watunzi wa nyimbo mjini New York, wakapiga ‘Losing My Religion’ pamoja. Tazama basi: heshima hiyo ni ya watunzi, na aliyekaa kwenye ngoma aliipokea sawa na aliyeimba.

Si lazima uwe mwanamuziki ili kisa hiki kikufae. Kama una kwaya, kikundi cha maigizo chuoni, au duka unalotaka kufungua na ndugu yako, kaeni chini leo, mfuko ukiwa bado mtupu. Andikeni nani atapata nini, nani anaweza kusema la, na mtaachana vipi siku mmoja akichoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki vivyo hivyo. Mazungumzo hayo ni rahisi mkigawana dola 2. Mkingoja hadi ziwe milioni 80, mtayafanyia mahakamani.