Madoa meusi kwenye maembe: Kuvu huvamia kitambo kabla ya mavuno

MIEMBE huchanua vizuri katika maboma mengi ya Makueni, Machakos na Pwani, lakini wiki chache baadaye maua hukauka na kupukutika bila kuacha tunda.

Wenye miti hiyo huwa wepesi kulaumu jua au uzee wa mti, na baadhi yao huishia kuukata. Hata hivyo, mara nyingi kiini cha hasara hiyo huwa ni kuvu, na mti ungaliweza kuokolewa.

Magonjwa mawili ya kuvu ndiyo husumbua zaidi: chule na ubwiri unga. Ni muhimu kuyatofautisha kwa kuwa hayastawi katika hali moja ya hewa, na dawa inayozuia moja huenda isizuie jingine.

Chule hupenda mvua na unyevu. Huleta madoa meusi au ya hudhurungi kwenye majani machanga, na maua hugeuka meusi na kukauka. Matone ya mvua hubeba chembechembe za kuvu hiyo kutoka kwa vijiti vikavu na matunda yaliyooza mtini hadi kwa maua na matunda machanga. Ndiposa madoa kwenye embe wakati mwingine hujipanga kwa mistari mithili ya michirizi ya machozi.

Hatari kubwa ya chule ni kwamba huingia katika tunda lingali changa, kisha ikajificha. Embe huchumwa na kuuzwa likiwa safi, lakini linapoanza kuiva hujaa madoa na kuoza. Mchuuzi aliyepata hasara hiyo sokoni ana kila sababu ya kumkwepa mkulima huyo msimu unaofuata.

Ubwiri unga, kwa upande wake, hauhitaji mvua. Husambazwa na upepo, hasa siku kavu zenye baridi, na huyafanya maua na majani machanga yaonekane kana kwamba yamenyunyiziwa unga mweupe. Vitunda vichache vinavyojitokeza hudondoka.

Si kila weusi ni chule. Uchafu kama masizi unaofutika kwa kidole ni ukungu unaomea juu ya majimaji matamu yanayoachwa na wadudu wafyonzao utomvu. Hapo wanaopaswa kukabiliwa ni wadudu wenyewe.

Hatua ya kwanza ya kudhibiti magonjwa haya haihitaji dawa. Baada ya mavuno, matawi makavu na yaliyosongamana yakatwe ili hewa na mwanga vipenye. Majani, vijiti na maembe yaliyooza yakusanywe na kuchomwa au kuzikwa, kwani humo ndimo chule husubiri mvua.

Dawa zenye madini ya shaba hukinga chule, nazo za salfa hukinga ubwiri unga. Dawa hizi huzuia kuliko kutibu. Kwa hivyo, unyunyizaji huanza vishada vya maua vinapochomoza, na hurudiwa kwa kufuata maagizo ya kibandiko. Salfa isinyunyizwe jua likiwa kali kwa kuwa huweza kuunguza majani. Jioni ndio wakati bora, nyuki wakiwa wamerejea mizingani.

Mkulima anunue dawa iliyosajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa hizo (PCPB), avae mavazi ya kujikinga, na azingatie siku zinazotakiwa kupita kabla ya kuchuma.

Anayepanda miche mipya azingatie pia aina. Embe la Apple, ingawa hupendwa sana sokoni, hushambuliwa kwa urahisi na magonjwa yote mawili, ilhali Tommy Atkins hustahimili chule vyema zaidi.

Asiye na uhakika kuhusu dalili anashauriwa kupeleka tawi lililoathiriwa kwa afisa wa kilimo wa kaunti kabla ya kununua dawa, au kuchukua shoka.