Mwalimu Aliyewahi Kutua Shambani kwa Watu

Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega nchini Burundi, hakuna anayefundisha ngoma akiwa amekaa pembeni. Vijana hujifunza wakiwa ndani ya safu, na anayeshika inkiranya, ngoma ya katikati inayowaongoza wenzake kwa mdundo, ni fundi aliyekwisha bobea.

Iten, nchini Kenya, mambo ni kinyume. Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, lakini mikononi mwake alipita David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012.

Mwalimu wa ndege zisizo na injini yuko upande gani? Kocha husimama kando ya uwanja na saa yake. Huyu hukaa nyuma ya mwanafunzi, ndani ya chombo kilekile, na nafasi ya kutua ni moja tu. Sheria za Ulaya humtaka awe ameongoza ndege hizo kwa saa 100 na kuruka mara 200. Hazimdai medali. Kwa hatua za mwanzo yatosha, maana hapo subira hufaa kuliko rekodi (na bingwa aliyesahau alivyotaabika akijifunza ni mzigo kwa mwanafunzi).

Kazi huja ndege inapokiacha kiwanja. Nishani ya Fedha ya kimataifa hudai safari ya kilomita 50. Kutoka Gitega kwenda Muyinga ni kama kilomita 80 kwa mstari ulionyooka. Hizo 50 zingemfikisha rubani mbele kidogo tu ya Karuzi. Mchana wa kiangazi hewa ya moto hupanda juu ya vilima, mwewe wakaizunguka bila kupiga bawa. Wingu likifunika jua, hewa hiyo hulegea. Na chini kuna nini? Migomba, mibuni kwenye miteremko, mabonde yenye tope yaliyolimwa matuta. Zimebaki dakika chache za kutafuta kipande kilichonyooka na kusoma upepo kwa moshi wa jikoni.

Mwalimu ambaye hajawahi kutua nje ya kiwanja atasema, "Chagua mapema." Mapema ni mita ngapi? Aliyewahi kutua shambani kwa watu humwacha mwanafunzi akosee mpaka pale anapojua bado panaokoleka, ndipo ashike usukani. Asiyewahi ataunyakua haraka mno, au atachelewa. Ujuzi huo haupatikani kwa kuzunguka kiwanja, hata kwa saa 100. Chama kinachowapeleka wanafunzi mbali kingemdai mwalimu Nishani ya Fedha kwanza.