Tani Moja au Tani Tatu: Kuchagua Pikapu katika Milima ya Gusii

Kaunti za Kisii na Nyamira, yaani eneo la Gusii, ziko kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, ambako mashamba ni madogo, watu ni wengi, mvua hunyesha takriban mwaka mzima, na kila bidhaa ya kuuzwa, iwe ni mkungu wa ndizi, gunia la parachichi, debe la maziwa au jiwe la sabuni linalochimbwa Tabaka, huanza safari yake juu ya kilima au chini ya bonde, mbali na barabara ya lami. Kwa sababu hiyo swali la ukubwa wa pikapu, ambalo kwingineko huweza kuamuliwa kwa mapenzi ya mnunuzi tu, huku ni swali la uchumi wa familia na la usalama wa wote wanaotumia barabara hizo, na halistahili kujibiwa kwa kutazama tu umbo la gari kwenye yadi ya muuzaji.

Watengenezaji wa magari huzigawa pikapu katika makundi mawili makuu. Kundi la kwanza ni la pikapu za kati, ambazo urefu wake ni kama mita 5.3, upana wake ni kati ya mita 1.8 na 1.9, na uwezo wake wa kubeba ni kama tani moja. Humo mna Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Nissan Navara na Mitsubishi L200, yaani karibu kila gari ambalo Mkenya huliita pikapu. Kundi la pili ni la pikapu kubwa za Kimarekani kama Ford F-150, Chevrolet Silverado na Ram, ambazo urefu wake hukaribia mita sita na upana wake ni kama mita mbili. Hizi ni nadra sana katika barabara za Kenya, kwa kuwa huundwa zikiwa na usukani upande wa kushoto, ilhali kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya kinataka gari linaloingizwa nchini liwe na usukani wa kulia na umri usiozidi miaka minane. Tena ukubwa wake huwadanganya wengi, kwani zimeundwa zaidi kwa ajili ya kuvuta trela na kuwapa abiria nafasi, na mzigo unaoruhusiwa mgongoni mwa F-150 ya kawaida wakati mwingine hauzidi ule wa Hilux.

Kwa mnunuzi wa Keroka au Ogembo, basi, nafasi ya pikapu kubwa hushikwa na magari mawili ya aina nyingine. La kwanza ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 79, ambayo huunganishwa Mombasa na inajulikana sana kwa kutumiwa na polisi na mashirika ya misaada. La pili ni lori dogo la tani tatu hivi, ambalo wananchi huliita kanta kutokana na Mitsubishi Canter, jina ambalo sasa hutumika hata kwa Isuzu NKR na ndugu zake. Uchaguzi halisi katika Gusii kwa hiyo ni kati ya pikapu ya tani moja na mojawapo ya magari hayo mawili, na mara nyingi zaidi ni kati ya pikapu na kanta.

Ili uchaguzi huo ufanywe kwa akili, ni lazima kwanza zieleweke hesabu tatu. Uzito mtupu ni uzito wa gari lisilo na mzigo. Uzito wa jumla unaoruhusiwa ni kiwango cha juu ambacho mtengenezaji amethibitisha kuwa chesisi, ekseli, matairi na breki vinaweza kukistahimili, gari likiwa limebeba kila kitu. Mzigo halali ni tofauti kati ya hizo mbili, na ndani yake huhesabiwa pia watu walioketi kwenye kebini pamoja na uzio wa vyuma ambao fundi wa jua kali ameuchomelea mgongoni ili ndizi zipangwe juu zaidi. Pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 1,900 na uzito wa jumla wa kilo 3,000 ina mzigo halali wa kilo 1,100. Ikiwa ni ya kebini mbili na imebeba watu watano wa kilo 75 kila mmoja, kilo 375 zimekwisha kabla ya gunia la kwanza kupakiwa. Hapo ndipo kebini mbili, ambayo hupendwa kwa sababu inafaa kwa mazishi, kwa kanisa na kwa safari za watoto shuleni, inapomgharimu mkulima, kwani sehemu yake ya mizigo nayo hupungua hadi urefu wa mita moja na nusu, ilhali ya kebini moja hufikia kama mita 2.3.

Tani moja ni kiasi kinachoonekana kidogo mpaka kihesabiwe kwa bidhaa zenyewe. Ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Ni magunia 11 ya mahindi ya kilo 90, kukiwa na kilo kumi tu za kuongezea. Ikiwa mkungu wa ndizi una kilo 20, ni mikungu 50, na mikungu 50 ni biashara ya kutosha kwa siku moja ya soko kwa wachuuzi wengi wanaokusanya ndizi vijijini na kuzipeleka Daraja Mbili mjini Kisii. Ndizi zina hewa nyingi kati yake, hivyo pikapu hujaa kwa macho karibu wakati uleule inapojaa kwa uzito, na jicho la mpakiaji halikosei sana. Mambo hugeuka kabisa kwa mawe na mchanga. Mgongo wa pikapu ya kebini moja una nafasi ya takriban mita moja na nusu za ujazo, na mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa kama tani moja na nusu; gari lililojazwa mchanga mpaka ukingoni limebeba zaidi ya tani mbili, yaani mara mbili ya haki yake, ingawa kwa mtazamaji linaonekana limejazwa kwa kiasi. Jiwe la sabuni ni zito zaidi, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya jiwe hilo ina takriban tani 2.7, na hata vipande vikipangwa kwa mapengo, tani moja hutimia kabla ya nusu ya mgongo kufunikwa. Anayebeba mawe kutoka Tabaka na anayebeba ndizi kutoka Nyamache wanaweza kuwa na magari yaliyofanana kwa kila kitu, na mmoja wao akawa anavunja sheria kila siku bila kujua.

Dawa inayopendwa na wengi ni kuongeza bamba la chuma kwenye springi za nyuma, na dawa hii inafaa kukemewa waziwazi. Springi za nyuma za pikapu ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na bamba la ziada huzuia gari lisikae chini likipakiwa, lakini haliongezi chochote kwenye breki, ekseli wala chesisi, bali huondoa dalili pekee ambayo ingemwonya dereva kwamba amezidisha. Katika mteremko mrefu, joto ambalo breki hulazimika kulimeza huongezeka sawa na uzito. Uzito ukizidishwa mara mbili, joto nalo huzidi mara mbili, na breki zikishapata moto kupita kiasi, dereva hukanyaga pedali pasipo gari kutii. Mzigo unaorundikwa nyuma ya ekseli huinua pia magurudumu ya mbele, na usukani huwa mwepesi mahali pale pale unapohitajika kushika, kwenye kona ya kilima. Kanta nyingi zimeundwa zikiwa na kinga ya ziada, kifaa kinachoziba njia ya moshi ili injini yenyewe izuie kasi, na dereva anayeteremka na tani tatu za mawe ana msaada ambao mwenzake wa pikapu hana. Kwa mizigo mizito ya kila siku, hoja hii peke yake inatosha kumaliza mjadala kwa upande wa kanta.

Hata hivyo, kanta ina adui yake, nayo ni kilomita ya mwisho. Ardhi ya Gusii imegawanywa kwa vizazi vingi, na njia ya kuingia nyumbani mara nyingi ni ukanda mwembamba kati ya ua wa jirani na shamba la chai, wenye mteremko mkali na udongo mwekundu ambao mvua za Machi hadi Mei huugeuza utelezi. Kanta ya kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na isipokuwa na mzigo, magurudumu hayo hukosa uzito wa kuyakandamiza na huzunguka bure kwenye tope. Pikapu inayoendeshwa na magurudumu yote manne, yenye gia za chini zinazozidisha nguvu na kupunguza kasi, hupanda mahali ambapo kanta husubiri jua litoke. Ni kweli kwamba kanta hupinda katika nafasi ndogo zaidi kuliko umbo lake linavyodokeza, kwa kuwa dereva huketi juu ya magurudumu ya mbele na umbali kati ya ekseli zake unaweza kuwa mfupi, lakini sifa hiyo ina faida zaidi sokoni kuliko shambani.

Land Cruiser ya mfululizo wa 79 ingeonekana kuwa suluhisho, kwani ina chesisi nzito na uwezo mkubwa wa kupita tope, lakini kwa Gusii ina kasoro ambayo haitajwi sana. Injini yake ya dizeli iliyozoeleka nchini, ile ya lita 4.2, haina tabo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000; katika maeneo ya Nyansiongo na Kiabonyoru, ambako mwinuko ni kama mita 2,000, kama sehemu moja ya tano ya nguvu hizo imeshakwenda. Injini ndogo za Hilux na D-Max za kisasa, zenye tabo, hazipotezi kiasi hicho, na hunywa mafuta machache zaidi. Uimara wa Land Cruiser hauna ubishi, ila bei yake ni mzigo kwa mtu ambaye marejesho yake ya mkopo wa chama cha akiba yanategemea malipo ya chai ya kila mwezi na bonasi ya mara moja kwa mwaka.

Kuhusu bei, soko la mitumba lina tabia yake. Hilux haikuuzwa nchini Japani kati ya 2004 na 2017, na D-Max haiuzwi huko kabisa, kwa hiyo Japani, iliyo chanzo kikuu cha magari ya mitumba nchini Kenya, huleta kanta nyingi na pikapu chache. Pikapu nzuri ya mtumba huwa ghali kwa sababu hiyo, na mara nyingi ni gari lililokuwa la kampuni au la serikali, likauzwa kwa mnada baada ya kazi ngumu. Anayelinunua anafaa kumlipa fundi alichungulie chesisi kabla ya kumlipa muuzaji. Kanta nayo ina masharti yake. Dereva wake anahitaji leseni ya malori, daraja la C, si ile ya magari madogo ya daraja la B. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti mizigo barabarani huyagusa magari yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500, hivyo kanta inayopeleka ndizi Nairobi kupitia Nakuru itapimwa kwenye mizani ya Gilgil, ilhali pikapu ya kawaida iko chini ya kiwango hicho, ingawa Sheria ya Trafiki huikataza nayo kuzidisha. Kodi ya awali ya magari ya mizigo, kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, ni shilingi 2,500 kwa kila tani au shilingi 5,000 kwa mwaka, ile iliyo kubwa, yaani shilingi 5,000 kwa pikapu ya tani moja na 7,500 kwa kanta ya tani tatu. Tofauti hiyo haistahili kumwamulia mtu.

Wapo pia wanaoanza na Toyota Probox, gari dogo ambalo limekuwa mtumishi wa kila kitu katika kaunti hizi mbili, kwa abiria na kwa ndizi. Mzigo wake halali ni kilo 400 hivi, na ni gari jema likiheshimiwa. Mikungu inayoonekana imerundikwa juu ya paa lake siku za soko ni ushahidi kwamba haliheshimiwi.

Kinachopaswa kuamua ni mzigo wa siku nyingi, si ule wa siku moja. Mkulima wa chai na ng'ombe wawili watatu, ambaye hubeba mbolea, majani ya mifugo na maziwa, na ambaye hujenga mara moja katika miaka kumi, atafaidika na pikapu ya tani moja ya kebini moja, yenye kuendeshwa na magurudumu manne, na saruji na mchanga vikihitajika akodi kanta kwa siku hiyo, kwani kodi ya siku chache ni ndogo kuliko gharama ya kumiliki lori linalolala. Mfanyabiashara anayejaza zaidi ya tani moja mara tatu kwa juma na kuelekea Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300, hana sababu ya kununua pikapu. Anunue kanta, na vijijini mikungu imfikie barabarani kwa pikipiki au kwa mkokoteni, kama inavyofanyika tayari. Mchimbaji na mchuuzi wa mawe wa Tabaka naye ni mtu wa kanta, hata kama safari zake ni fupi.

Anayekwenda kununua, iwe ni yadi ya Nairobi au kwa jirani wa Suneka, na afungue mlango wa dereva kabla ya kufungua boneti. Kwenye nguzo ya mlango, au mahali pengine penye maelezo ya mtengenezaji, huwekwa kibati chenye uzito wa jumla unaoruhusiwa. Atoe uzito mtupu, atoe watu na uzio wa vyuma, kisha alinganishe kinachobaki na mzigo alionao shambani. Kibati kikiwa kimebanduliwa, aulize ni nani aliyekibandua.