Niliipita Maungu Nikiwa Macho

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti nilitoka Mombasa alfajiri, peke yangu garini, kwenda kuhani matanga Kasigau. Njia ya huko haina utata wowote. Mtu hupanda na barabara kuu ya Nairobi, akazipita Mariakani, Samburu, Taru na Mackinnon Road, na afikapo Maungu hukunja kushoto akaingia barabara ya vumbi. Lakini safari niliyoizoea mimi, ile ya kila mwisho wa muhula, huishia Voi. Basi siku hiyo nilizinduka nikiwa Voi, kwenye njia panda ya kuelekea Mwatate na Taveta, na taa ya kuashiria kona nimekwisha kuiwasha. Maungu nilikuwa nimeiacha nyuma kwa kilomita zipatazo 30.

Sikuwa nimesinzia, msomaji. Nilikuwa nimebadilisha gia, nimeyapita malori kwa hadhari, nimepunguza mwendo kwenye matuta, hata nikampungia mkono askari mmoja aliyeniruhusu kupita. Vitendo vyote hivyo vilitendwa, tena vikatendwa vyema. Ila mimi sikuwapo. Nilikuwa nikitunga kichwani maneno ya rambirambi ambayo ningemwambia mama wa marehemu. Nikageuza gari kwa haya, nikarudi.

Mwanasaikolojia wa Marekani William James, katika kitabu alichokitoa mwaka 1890, alizungumzia watu wenye kughafilika ambao huingia chumbani kubadilisha nguo kwa ajili ya chakula cha jioni, wakavua vazi moja baada ya jingine, na mwishowe wakajikuta wamepanda kitandani. Vitendo vya mwanzo ndivyo vile vile vinavyotangulia usingizi kila usiku. Vikishaanza, vilivyosalia hufuata kama ng'ombe wajuao njia ya kisimani. Ndivyo nilivyopelekwa Voi. Aliyeniendesha ni mazoea, na mazoea hayakuwa na habari ya msiba.

Niliporejea Maungu nilisimama kwenye mkahawa kunywa chai, kwa sababu nilijiona sistahili kuaminiwa na usukani kabla ya kupumzika. Maungu ni pahala pa kupumzikia tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani, ikishaivuka nyika kavu ya Taru, iliutazamia mlima wa Maungu kwa ajili ya maji. Siku hizi wanaopumzika ni madereva wa malori. Hata baada ya reli mpya kuanza kubeba shehena mwaka 2018, malori hayajakoma. Husimama kando ya barabara, wenyewe wakala, wakalala, wakapigiana soga.

Nilimsimulia mmoja wao kisa changu. Hakucheka. Alisema kuwa yeye huenda Mombasa mpaka Kigali. "Mwalimu," akaniambia, "barabara hii naijua, na hilo ndilo linaloniogofya." Kila atokapo Mombasa huomba dua pale Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, kama wafanyavyo wasafiri wengi. Siku moja alifika Maungu, akamgeukia utingo wake na kumwuliza: "Hivi, tuliomba dua?" Utingo akamjibu kwamba waliomba, tena yeye dereva ndiye aliyeomba kwa sauti.

Dua hiyo imenikaa moyoni kuliko ajali nyingi nilizowahi kusimuliwa.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mazoea ni adui. Mwanahisabati wa Uingereza Alfred North Whitehead aliandika mwaka 1911 kwamba ustaarabu huendelea kwa kuongeza idadi ya mambo tunayoweza kuyatenda bila ya kuyawazia. Dereva anayeuwazia mguu wake kila akanyagapo breki hatafika hata Mariakani. Shida haiko katika mambo yanayorudi kila siku jinsi yalivyo. Iko katika jambo lisilokuwa na ratiba: ndovu anayevuka barabara magharibi baina ya Maungu na Voi, au msiba wa Kasigau.

Au mpaka. Kenya na Uganda magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia. Dereva wangu alipofika Gatuna mara ya kwanza aliambiwa na wenzake ajihadhari sana pale mpakani. Alicheka alipolikumbuka onyo hilo. "Mpakani hapana neno," alisema, "hapo kila mtu yuko macho. Mimi naogopa asubuhi ya pili, nikiwa nimelala vizuri, barabara ni tupu, nami naondoka." Hakuna gari la mbele la kumkumbusha, na mikono yake ina miaka mingi ya kushoto ndani yake.

Wasweden waliliona jambo hili kwa taifa zima. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi hiyo iliacha kupita kushoto ikaanza kupita kulia, kwa siku moja. Wengi walitazamia balaa. Kilichotokea ni kwamba ajali zilipungua, kwa kuwa kila aliyeshika usukani alilazimika kuwaza alichokuwa akikifanya. Kisha watu wakauzoea upande mpya, na ajali zikarudi kama zilivyokuwa. Nimewahi kuwatajia wanafunzi wangu habari hii, wakaniuliza kama basi Kenya nayo ibadilishe upande kila mwaka. Nilikosa la kuwajibu.

Mimi si mtaalamu wa barabara. Kazi yangu ni lugha, na katika lugha mambo ni hayo hayo, ila lugha haimwui mtu papo hapo. Mtoto wa miaka minne aliyezaliwa Mvita au Lamu husema "kiti hiki kimevunjika", halafu akasema "kijana huyu amefika", wala hakosei hata siku moja akasema kijana "kimefika". Mwulize kwa nini, atakushangaa. Kanuni anayo, lakini hajui kuwa anayo. Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka ughaibuni anaijua kanuni hiyo vizuri, aweza hata kuiandikia tasnifu, na bado atajikwaa akiagiza chai. Umilisi wa lugha, kwa sehemu kubwa, ni kule kuacha kuwaza kuhusu lugha ili mtu apate nafasi ya kuwaza kuhusu anachokisema.

Ulimi hulala kwa namna nyingine pia. Daktari Mwingereza wa karne ya 19, John Hughlings Jackson, aliona kwamba wagonjwa waliopoteza usemi kwa sababu ya maradhi ya ubongo, wasioweza kutaja jina la kitu kilicho mbele yao, bado waliweza kutamka viapo, salamu na misemo iliyokomaa vinywani. Maneno hayo hayatoki pale yanapotungwa maneno mapya. Nasi wazima tunayo tele. Nilipofika Kasigau hatimaye, jua limekwisha kupanda, nyuso zikiwa zimevimba kwa kilio, mama wa marehemu aliniuliza habari za safari. Nikajibu: "Nzuri." Nami nikamwuliza: "Hamjambo hapa?" Akasema: "Hatujambo, ni haya tu yaliyotufika."

Yale maneno ya rambirambi niliyoyatunga mpaka nikapotea njia sikuyasema. Wala hapakuwa na uongo katika "hatujambo" yake. Salamu zetu ni mlango. Mtu hufunguliwa kwanza, kisha akaonyeshwa kilichomo ndani. Kwa hiyo siwaungi mkono wale wanaodai kuwa salamu za Waswahili ni maneno matupu ya kupotezea wakati. Mazoea ya namna hii humshika mkono mtu aliyefiwa wakati ambapo yeye mwenyewe hana nguvu ya kutunga sentensi.

Lakini kuna mlango mmoja ambao sisi walimu tumeubisha miaka nenda miaka rudi bila ya kuingia. Kila mwalimu anaujua. Anamaliza kueleza, anafuta ubao, anageuka na kuuliza: "Mmeelewa?" Na darasa zima, kwa mdundo mmoja, linaitikia: "Ndiyo, mwalimu!"

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya ufundishaji kwenye shule moja ya sekondari. Somo lilikuwa kirai na kishazi. Kijana alifundisha kwa bidii. Aliianza sentensi akaiachia katikati, na darasa likaimalizia. Alitamka nusu ya neno, nao wakatamka nusu ya pili. "Kirai hakina kiima na kia-?" "-rifu!" Aliuliza kama wameelewa, wakaitikia. Kwenye fomu yangu palikuwa na sehemu inayotaka kujua iwapo wanafunzi wameshirikishwa, nami nikatia alama ya juu.

Kipindi kilipokwisha nilimwendea msichana mmoja aliyeketi nyuma, nikamwuliza kirai ni nini. Akasimama wima, akaitoa fasili yote bila ya kukosa neno. Nikamwelekeza ubaoni, palipoandikwa "Mtoto mdogo analia", nikamwomba anionyeshe kirai. Aliutazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akanirudia kwa ile fasili, neno kwa neno, kwa sauti ya chini kidogo kuliko mara ya kwanza.

Aibu ya siku ile haikuwa yake. Haikuwa hata ya yule mwalimu kijana, aliyefundisha kama alivyofundishwa, tena na watu kama mimi. Mimi ndiye niliyetia alama kwenye fomu kabla ya kuuliza swali. Nilisikia mwitikio, mkono ukaandika.

Tumezoea kuulaumu mfumo. Ule wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulishutumiwa kwa kuwakaririsha watoto. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi, uliowekwa madarasani kuanzia mwaka 2017, unataka mwanafunzi atende na afikiri. Nia hiyo naiunga mkono. Ila mtaala hubadilishwa kwa waraka, ilhali kiitikio kimo vinywani mwetu sisi walimu, nacho kina umri mkubwa kuliko mtaala wowote.

Mwalimu anayetaka kuona nguvu ya mazoea hayo na afanye jaribio dogo lililochapishwa na Mmarekani John Ridley Stroop mwaka 1935. Aandike ubaoni neno "nyekundu" kwa chaki ya buluu, na "buluu" kwa chaki nyekundu, kisha awaombe wanafunzi wataje rangi ya chaki, si neno, tena upesi. Watagongana ndimi, na yeye mwenyewe atagongana nao. Mtoto ambaye bado hajajua kusoma hatapata shida yoyote. Sisi tulioelimika ndio tusioweza kuliona neno bila ya kulisoma, na aghalabu hatuwezi kusikia "ndiyo" bila ya kusadiki.

Nchini Japani wafanyakazi wa reli, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, huinyooshea kidole kila ishara wanayoikuta na kuitaja kwa sauti, hata kama mhusika yuko peke yake. Mgeni huwaona kama watu wanaoongea na pepo. Lakini mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo ilifanya jaribio na kuona kwamba makosa katika kazi nyepesi yalipungua kwa karibu asilimia 85 pale mtu aliponyoosha kidole na kutamka. Kwangu mimi mwanaisimu jambo hili lina ladha ya pekee. Ulimi ule ule unaoomba dua bila ya mwenyewe kujua ndio pia unaoweza kumwamsha, mradi ulazimishwe kutaja kitu kilicho mbele yake kwa jina.

Nikiwa bado pale Maungu, yule utingo, kijana mnyamavu aliyekuwa akila maharagwe pembeni, aliniambia kitu kabla sijaondoka. Kazi yake kubwa usiku, alisema, si kupakia wala kutazama magurudumu. Ni kumwuliza dereva maswali. Nikamwuliza ni maswali gani. "Namwuliza tuko wapi. Akinitajia Buchuma, tunaendelea. Akiniambia 'ndiyo', namwambia asimame hapa Maungu tunywe chai."

Muhula uliofuata niliipeleka kanuni hiyo ukumbini. Niliwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuwa sitauliza tena kama wameelewa, na kwamba atakayenijibu "ndiyo" kwa swali lolote atanitajia mfano. Wiki ya kwanza walininunia. Wengine walidhani nawatega. Wiki ya tatu msichana mmoja alinyosha mkono akaniuliza kwa nini tunasema "kijana huyu" lakini "kijiji hiki", na kama sababu ni uhai, mbona mti nao u hai, hunywa maji na hufa, lakini hatusemi mti "ameanguka"? Darasa likanyamaza likinitazama. Nikajisikia nikianza: "Hilo ni swali zuri sana..."