JERAHA LISILOONEKANA



Jiwe limeanguka chini ya udongo. Wawili wamepelekwa hospitali. Wa tatu hakupata hata mkwaruzo. Wenzake wanamwambia: «Una bahati, Mungu amekulinda.» Lakini miezi mitatu imepita na bado halali. Akisikia baruti anatetemeka. Nyumbani anagombeza bibi na watoto bila sababu. Wengine wanasema amerogwa, wengine kwamba ni mvivu. Sivyo. Ni ugonjwa, na katika mwaka 1980 wanganga wa Marekani waliuandika katika orodha yao ya magonjwa ya akili.

Je, tunaweza kujua mapema ni nani atakayeugua muda mrefu? Kwa hakika kabisa, hapana. Kutetemeka na kuota ndoto mbaya siku za kwanza ni kawaida, na kwa watu wengi hupungua kwenyewe. Lakini umwangalie vizuri:

1. Yule aliyeona kifo karibu sana, au aliyemwona mwenzake akifa.
2. Yule ambaye wakati wa ajali alikuwa kama mtu aliye ndotoni.
3. Yule aliyekwisha kupatwa na msiba mkubwa au ugonjwa wa akili mbele ya ajali.
4. Yule ambaye mwezi umepita na hapati nafuu.
5. Yule anayebaki peke yake, au anayeongezewa shida nyingine baada ya ajali.

Alama hii ya tano msiidharau. Katika mwaka 2000, Chris Brewin na wenzake huko Uingereza walikusanya uchunguzi 77. Waliona kwamba kukosa msaada wa watu, na shida zinazofuata ajali, vina uzito kuliko umri wa mtu, au kama ni mwanaume ao mwanamke. Basi, sehemu moja ya dawa iko mikononi mwetu.

Wewe kapita, usimcheke mtu wako, wala usimlazimishe kueleza yote siku ile ile. Hiyo haimkingi na ugonjwa. Arudi kazini pole pole. Wewe mama wa nyumba, msikilize anapotaka kusema. Na wewe mwenyewe, pombe haiondoi ndoto hizo. Mwezi ukipita, mwone munganga: kuna matibabu ya mazungumzo yanayosaidia wengi, hata baada ya miaka.

Ajali ikitokea, usitosheke kusikia kwamba mwenzako ametoka mzima. Umwulize kama analala.