Mtoto akichagua falsafa au theolojia, msikilize kwanza

Singida. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, familia nyingi za Iramba, Ikungi na Manyoni huanza kupiga hesabu: magunia ya alizeti yamebaki mangapi, na kozi ipi ina ajira. Mtoto akitaja udaktari, nyumba hufurahi. Akitaja falsafa au theolojia, huulizwa: "Kwani unataka kuwa padri?"

Anaweza kuwa padri au mchungaji, lakini pia anaweza kuwa mhadhiri na mtafiti. Mfano upo Singida. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, alikuja Tanganyika mwaka 1946, akafanya kazi miongoni mwa Wanyaturu. Alijifunza lugha yao na kuiandikia tasnifu ya udaktari. Baadaye alifundisha kwa miaka mingi chuo cha theolojia cha Makumira, Arusha, na kukusanya nyimbo za mahadhi ya Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu.

Somo la maadili nalo linagusa afya ya familia. Mtoto wako akiombwa kushiriki utafiti wa chanjo, ni lazima kamati ya maadili iwe imeupitia kwanza: je, mzazi ameelezwa hatari zake kwa lugha anayoielewa? Anaweza kumtoa mtoto wakati wowote bila kunyimwa matibabu? Kamati hizo hazina madaktari peke yao. Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili kinafundisha maadili ya tiba hadi shahada ya uzamili.

Hata hivyo, mzazi asidanganywe kuwa njia ni fupi. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu, ya uzamili takribani miwili, kisha ya uzamivu. Nafasi za kufundisha ni chache, na kwa kawaida vyuo hutaka GPA isiyopungua 3.8 kwa mkufunzi msaidizi. Mtoto anayependa mijadala lakini hapendi kusoma na kuandika atapata shida.

Kabla ya kukubali au kukataa, kaeni naye. Muulize amesoma nini kuhusu fani hiyo na atafanya nini asipopata nafasi chuoni. Hakikisheni kozi inatambuliwa na TCU, kisha mwombe mkopo HESLB mapema. Akijibu vizuri, ada yake isicheleweshwe kwa hofu ya majirani watasema nini.